Taa ya Mlango wa Mbele

Jumatatu, 17 Machi

Leo amenipigia mtu aliyekosea namba, na sauti niliyomjibia sikuitambua. Ilikwaruza kama ya mtu aliyetoka usingizini, kumbe ni saa tisa alasiri na niko kazini tangu asubuhi. Nikajiuliza nimeongea na nani tangu Ijumaa. Muuza vocha, na huyo aliyekosea namba. Jioni nikaenda sokoni Kwa Mathias nikanunua daftari. Kama hakuna wa kusema naye, nitaandika.

Daftari halinijui, basi tuanze mwanzo. Naitwa Maulida, mtoto wa Kibuta, Kisarawe. Nimesomea leza ng'ambo kwa miaka mingi kuliko niliyomwahidi mama. Januari nikarudi, kwa kuwa kampuni moja ndogo imejenga karakana hapa Picha ya Ndege, Kibaha, ikaleta mashine ya leza ya kukodi, na hawakuwa na mwingine wa kuiendesha. Tunakata sahani za silikoni, kile kitu kinachotolewa kwenye mchanga na kutengenezewa vifaa vya elektroniki. Tunazikata ziwe vipande vidogo vya kupimia unyevu kwenye maghala ya korosho. Sahani yenyewe ni nyembamba na inavunjika kwa kuitazama vibaya. Ukingo wa kipande ukiwa na ufa, hata usioonekana kwa macho, kifaa hakimalizi msimu.

Gregori, meneja wetu, hana maneno mengi. Amesema tukishindwa kutoa sahani moja nzima isiyo na ufa kabla ya masika kwisha, wenye mashine wataichukua waipeleke kwingine. Ikiondoka, nami niifuate au nikae bila kazi, na kazi ya namna hii hapa nchini siioni nyingine. Mama nilimwambia safari hii nimerudi moja kwa moja. Nilimwambia mbele ya majirani.

Jumanne, 18 Machi

Nimemfokea Wema. Wema ni katibu wetu, binti wa Njombe, mchangamfu, anacheka kabla hujamaliza kusema. Nilikuwa nimewasha leza, nimevaa miwani ya kinga, akagonga na kuita hodi, akafungua mlango wa mbele hapohapo. Alikuwa ameshika kifuko cha tende. Kasikia nimefunga, kaninunulia za kufuturia.

Mwale ule ukiingia jichoni, jicho limekwenda. Hakuna daktari wa kulirudisha. Niliruka nikazima kila kitu, nikamtoa nje kwa maneno ambayo mtu aliyefunga hapaswi kuyasema. Kisha nikawaita wote barazani, yeye na Onesmo fundi umeme, nikawaonyesha taa nyekundu iliyo juu ya mlango. Nikasema, "Hii ikiwaka, hata kama nyumba inaungua, mtu asigonge, asiite, asiguse kitasa. Ikizimika, karibuni."

Wakaitikia. Onesmo akauliza, "Na chai, dokta?" Nikasema vitu vyote vipitie kwenye kabati la ukutani, lile lenye mlango wa nje na mlango wa ndani, tulilowekewa la kupitishia vifaa bila kuingiza vumbi.

Tende nimezikuta humo magharibi. Nimefuturu peke yangu. Zilikuwa tamu na nimejisikia vibaya.

Jumatatu, 24 Machi

Kwa kuwa hakuna anayeniuliza ninafanya nini humu ndani, nitaliambia daftari.

Pigo moja la leza hii ni fupi mno; nikisema linaisha kabla hujapepesa jicho nitakuwa nimelidharau. Ukipiga silikoni pigo moja moja la nguvu, inatoka kweli, lakini joto linabaki nyuma na ukingo unapasuka. Kwa hiyo pigo kubwa tunaligawa kuwa mkururo wa mapigo madogo yanayofuatana kwa karibu sana. Kila pigo linang'oa chembe yake, na chembe inaruka na joto lake kabla halijawafikia majirani. Ni kama kukuna nazi. Ukikandamiza kwenye mbuzi, unakuna mpaka kifuu.

Kwa maneno ni rahisi. Ila ukiyapanga vibaya, pigo la pili linakuta vumbi la pigo la kwanza bado liko hewani, linapiga vumbi. Ukiyazidisha, silikoni inayeyuka na kuganda ukingoni kama nta ya mshumaa. Mimi bado nayeyusha.

Jumatano, 26 Machi

Mvua kubwa ya kwanza. Imeanza alfajiri, haikukata mpaka alasiri. Maji yamepiga baraza lote la mbele. Nimemsikia Onesmo akiburuta ngazi huko nje, sikutoka. Mimi huingilia mlango wa nyuma, kwenye chumba cha kubadilishia mavazi, na chumba nilichopanga kiko hukohuko nyuma. Baraza la mbele naweza kumaliza wiki mbili sijalikanyaga.

Ijumaa, 28 Machi

Hakuna aliyegonga tangu juzi. Vizuri, wamejifunza.

Jumanne, 1 Aprili

Nimerudi kutoka Kibuta, nilikokwenda kula Idi. Nilibeba mchele, sukari, mafuta, vitenge vya mama na viatu vya watoto wa ndugu zangu. Nilishuka na mizigo kama mtu wa harusi.

Mama yangu, Bi Mwanahalima, alitoa kiti cha plastiki ndani, akakifuta kwa khanga yake, akaniweka juu yake. Wenyewe wote mkekani. Nikataka kukaa nao, akasema nitachafua nguo. Nikaingia jikoni, akanitoa, "Umechoka na safari, mwanangu, pumzika." Kuku akachinjwa kwa ajili yangu. Nikapewa firigisi. Jirani kapita akauliza, "Mgeni wenu anaondoka lini?" Na mama, mama yangu mzazi, akamjibu, "Kesho."

Firigisi nikampa mtoto wa ndugu yangu.

Usiku ameniuliza kama mashine imekubali. Nikamwambia bado, na ikikataa mpaka masika yaishe itaondoka, nami nitaondoka nayo. Alikuwa anachambua mchele. Akatupa chuya moja, akasema, "Basi usiiache hata siku moja." Nikaona anataka nirudi kazini haraka. Leo asubuhi nimeondoka mapema.

Jumatano, 2 Aprili

Ukingo bado unapasuka. Alasiri nimefungua kabati la ukutani nikakuta sahani ya bati, mihogo ya nazi, bado ina uvuguvugu. Mtu wa Njombe amejifunzia wapi mihogo ya nazi? Inakaribia ya mama, ila chumvi imezidi.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Nyufa. Wali na maharage.

Jumatano, 9 Aprili

Pampu ya maji ya kupoza leza imekufa. Kipuri kinatoka mbali. Leza imezimwa kabisa, mashine yote kimya, na mimi nimekaa humu tangu asubuhi nikisikiliza mashine ya kukausha hewa ikidondosha maji kwenye ndoo.

Nilimwambia Onesmo kwa simu kuhusu pampu, akasema pole dokta, akakata. Nilidhani mtu akijua mashine ni mbovu atapita, hata aseme tu mvua ya leo ni kali. Hawakupita. Niliweka kiti karibu na mlango wa mbele. Ndiyo, niliweka kiti karibu na mlango kama mtu anayesubiri posa. Saa sita mpaka saa kumi. Hakuna hodi.

Kabatini kulikuwa na mihogo tena. Nimerudisha sahani na kikaratasi: "Asante Wema, mitamu. Ila punguza chumvi."

Ijumaa, 11 Aprili

Nimewasikia leo. Wema na Onesmo wanapita barazani wakicheka, na wakifika usawa wa mlango wangu wanashusha sauti, wananong'ona, mpaka wapite. Ndipo kicheko kinarudi.

Nawasema sana hapa, najua. Lakini mtu akinyamaza kila akipita mlangoni kwako, utafikiri nini? Nilimfokea mara moja tu. Ningejua watanisusia hivi, ningeziacha zile tende zinipite na jicho lake liende, kila mtu ashike lake. Nimeandika upuuzi. Siufuti.

Jumatano, 16 Aprili

Pampu bado. Leo sikukaa hata kwenye kiti. Nimelala sakafuni, kuna ubaridi mzuri, nikaangalia dari. Kisha nikalia, bila sababu ya maana, kama mtu anayepiga miayo. Nilikaa miaka yote ile kwenye nchi za watu nikijiambia upweke huu ni wa ugenini, nikifika nyumbani utaisha. Sasa niko nyumbani. Kibuta mimi mgeni, Kibaha mimi mkali wa chumba cha leza. Hiyo ndiyo habari yote.

Nilipokuwa nalia kuna mtu alikohoa barazani, mara moja, kisha akajizuia. Nikafuta uso haraka nikasubiri. Hakugonga.

Mihogo ya leo haina chumvi nyingi. Angalau kuna anayenisikiliza.

Jumanne, 22 Aprili

Pampu imefika. Onesmo ameifunga akipitia mlango wa nyuma, amevua viatu, kimya kama yuko msibani. Nikamuuliza, "Mbona huongei siku hizi?" Akasema, "Si wewe una kazi, dokta." Nikaona ananipiga kijembe. Nikamwacha.

Jumatano, 23 Aprili

Leza inawaka. Sijawahi kufurahia mlio wa pampu namna hii. Mihogo.

Jumatano, 30 Aprili

Nimeyapunguza nguvu mapigo na kuyasogeza karibu zaidi, karibu kiasi kwamba kila pigo linakuta silikoni bado ina joto la mwenzake aliyetangulia. Ikiwa na joto inang'oka kwa nguvu ndogo. Ukingo umeanza kunyooka. Ufa bado upo, lakini sasa naukuta kwa kuutafuta.

Gregori amepiga simu. Wenye mashine wamemuuliza tarehe ya kuja kuifungasha. Amewaambia wangoje mwisho wa Mei. "Nisaidie, dokta, na mimi nina watu wa kuwajibu," alisema. Ni mara ya kwanza namsikia ana wasiwasi. Nilidhani ni mimi tu.

Mihogo na kipande cha nanasi. Wema ananihurumia.

Jumatano, 7 Mei

Leo sikuwasha leza. Nimeshinda nikifuta lenzi na kupanga upya vioo, na kusema ukweli nusu ya siku nimesinzia. Mvua haikati. Njia ya Kisarawe wanasema ni tope tupu. Mama simpati. Mchana simu yangu iko kwenye kabati la mavazi, usiku yake imezimwa, na mtandao wa Kibuta mvua ikinyesha unakwenda kulala kabla ya watu.

Jumatano, 14 Mei

Leo nina mengi ya kuandika.

Saa kumi umeme umekatika. Kila kitu kimezimika, leza, taa, pampu. Nilitaka Onesmo awashe jenereta haraka kabla unyevu haujaingia, na mlango wa nyuma ulikuwa umezingirwa na maji mpaka ngazi ya pili. Nikafungua mlango wa mbele. Sijui mara ya mwisho niliufungua lini.

Nje giza la mvua, ofisi nzima haina umeme, na juu ya kichwa changu ile taa nyekundu inawaka. Ina betri yake, hilo nalijua, niliidai mwenyewe kwa ajili ya usalama. Lakini leza imezimika. Inapaswa kuzimika nayo.

Nikamwita Onesmo. Nikamuuliza, "Nani kaiwasha hii?"

Akanitazama kama namtania. "Hiyo? Hiyo haijazimika tangu ile mvua kubwa ya kabla ya Idi."

"Haijazimika?"

"Usiku na mchana. Nikamwambia Wema, huyu dada hapumziki. Nikasema labda waliosoma ng'ambo ndivyo walivyo."

"Onesmo, pampu ilipokufa, leza ilizimwa wiki nzima na zaidi. Wewe ndiye uliyeifunga pampu."

"Nilijua pampu mbovu," akasema. "Lakini taa inawaka. Nikafikiri kuna kazi nyingine unayoifanya na mwale mwingine. Mimi ningejuaje? Ulisema hata nyumba ikiungua tusiguse."

Nilisema. Maneno yangu hayohayo. Akaleta ngazi, akafungua kasha la taa. Maji yalikuwa yamejaa humo na sisimizi wamejenga, na kile kiswichi cha ndani kimeshika kutu kikagandia palepale. Akakibandua kwa bisibisi. Taa ikazimika. Tukabaki tunaitazama wote wawili.

Wema alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi na mkono mdomoni. Akasema, "Kwa hiyo siku zile zote ulikuwa hufanyi kazi? Na mama..."

"Mama gani?"

Akaja akanishika mkono. Mama yangu, anasema, huja kila Jumatano tangu Idi ilipoisha. Kuna mfanyabiashara wa Kisarawe, Zubeir, anayeleta mananasi Kwa Mathias siku hizo kwa gari lake. Mama huomba nafasi mbele, akishuka anachukua bodaboda mpaka hapa. Anakaa kwenye benchi chini ya taa. Anasubiri izimike. Alasiri ikiingia anaswali pale kwenye mkeka wa Wema, anatia sahani kabatini, anarudi Kwa Mathias kulifuata gari.

Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia. Nadhani nilipiga kelele. Wema akasema, "Alinikataza, dada. Siku ya kwanza nilitaka nikupigie simu, akanishika. Akasema ukijua yuko hapa utaacha kazi utoke, kazi itaharibika, mashine itaondoka na wewe utaondoka. Akasema kama kukaa nje ndiyo kutakufanya ubaki nchini, basi yeye atakaa nje."

Nilikalia lile benchi. Ubao wake umelainika pale anapokaa mtu.

"Mihogo ilikuwa yake," nikasema.

"Yake. Ile karatasi yako ya chumvi nilimsomea kwa simu. Alicheka sana. Akasema tangu mtoto hupendi chumvi, ila yeye siku hizi ulimi haushiki, anatia mpaka aisikie."

Mama yangu hakuwa mtu wa kuzidisha chumvi. Alikuwa anaweka kwa vidole vitatu bila kuangalia. Ndiyo maana sikuujua mkono wake. Ningekuwa naishi naye ningejua ulianza lini.

"Leo amekuja?"

"Ameondoka sasa hivi. Hajafika mbali."

Nilipanda bodaboda na lile vazi jeupe la kazini, kofia kichwani, mvua yote yangu. Kwa Mathias watu walinipisha wakidhani nimetoka hospitali kuna maradhi. Mahali gari linapopaki kulikuwa na majani ya nanasi yamekanyagwa kwenye tope. Mama mmoja muuza nyanya akaniambia, "Zubeir? Kaondoka sasa hivi, na bibi mmoja mbele."

Nimerudi kwa miguu. Nimefungua kabati. Mihogo ilikuwa imepoa. Ile siku ya kulala sakafuni, aliyekohoa alikuwa yeye. Alinisikia nalia akadhani nafanya kazi ngumu. Siwezi kuandika zaidi.

Alhamisi, 15 Mei

Nimempata saa moja asubuhi, kabla hajaenda shamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna nini, mbona asubuhi asubuhi?"

"Kwa nini hukugonga?"

Akajua. "Huyo Wema mdomo wake hauna mlango," akasema. "Taa ilikuwa inawaka, mwanangu. Ningegongaje?"

"Taa ilikuwa mbovu. Hata mashine ilikuwa mbovu. Nilikuwa nimekaa tu."

Nikadhani mtandao umekata.

"Ulikuwa umekaa tu?"

"Nimekaa tu, mama. Mlangoni kabisa. Nasubiri mtu agonge."

"Na mimi nimekaa tu," akasema. Akaanza kucheka, nami nikacheka, kisha nikasikia hacheki tena. Alikuwa anavuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima.

Nikamwambia Jumamosi nakuja. Akasema nisije. "Mashine imekubali?" Bado kidogo. "Basi maliza. Ukija sasa utakuja kuaga. Jumatano nitakuja mwenyewe, nitakaa palepale. Ikizimika, nitagonga."

"Njia ni mbaya, mama."

"Njia naijua kuliko wewe. Wewe ndiyo mgeni wa njia hii." Akakata.

Jumapili, 18 Mei

Onesmo ameweka kasha jipya la taa, amelipaka gundi pembe zote. Kanisani kapita asubuhi, akaja hapa na suti yake akapanda ngazi. Sikumwomba. Wema amekuja kumshikia ngazi, na akanieleza kwa nini walikuwa wananong'ona wakipita mlangoni. Walidhani sauti itautikisa mwale. Nimewatengenezea chai. Nimewaomba radhi kwa yote niliyoyafikiri, na sikuwaambia yote niliyoyafikiri.

Silikoni nayo imetulia. Mapigo madogo, ya karibu, mengi kiasi, kisha kuacha ipumzike kabla ya mkururo mwingine. Kipande cha majaribio kimetoka na ukingo safi. Kilichobaki ni kukata sahani nzima.

Jumatano, 21 Mei

Gregori amekuja tangu asubuhi. Nikamwambia humu ndani haingii mtu, akasubiri barazani. Kabla ya kuanza nilichungulia kwenye kabati la ukutani. Mlango wa nje ukafunguliwa, mkono wa mama ukaingiza sahani ya bati, bangili yake ikagonga bati. Nikasema, "Shikamoo." Mkono ukasimama. "Marahaba. Wewe, washa mashine." Mlango ukafungwa.

Nikavaa miwani. Nikawasha. Nilijua huko nje taa imewaka na sasa inasema kweli.

Sahani nzima ni kazi ya saa nyingi na sikuwa na la kufanya ila kuangalia kwenye kioo, mstari baada ya mstari. Mvua ikaja, ikapita. Ukutani kulikuwa na sauti zao, Gregori anauliza bei za mihogo Kisarawe, mama anamjibu kwa kirefu, hakuna anayenong'ona. Sikusikia maneno yote. Nimefanya kazi hii nchi tatu na sijawahi kuifanya mtu wangu akiwa upande wa pili wa ukuta. Upweke ule wa humu ndani sikuuona leo. Niliutafuta kabisa, kama ninavyotafuta ufa.

Ilipokwisha nikaiweka sahani chini ya hadubini, nikapitia ukingo wa kila kipande. Nikarudia. Kisha nikazima leza na kukaa kitini, mikono magotini.

Nikasikia benchi limelia, na miguu ikisogea.

"Hodi."

"Karibu, mama."

Alivua kandambili nje, akaingia akishika ukuta, akaangalia mashine kwa muda. "Ndiyo hii?" Ndiyo hii. "Ndogo," akasema. Gregori alikuwa nyuma yake. Nikampisha kwenye hadubini. Aliinama mpaka nikaona atalala hapo. Alipoinuka akamwambia yeye, si mimi, "Mama, mashine inabaki."

Mama akamuuliza, "Na mtu wake?"

"Na mtu wake."

Akaitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa bei na kuiona ni sawa. Gregori akatoka na simu sikioni.

Tumekaa barazani, mimi na mama, kwenye mkeka wa Wema. Nilikwenda kumtolea kiti, akaniangalia tu, nikakirudisha. Tumekula kwenye sahani ile ya bati. Niliona anatafuna polepole, bila hamu, anasogeza vipande. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi. Nimepunguza chumvi kama ulivyoandika," akasema. "Sisikii kitu. Tangu mwezi uliopita nakula kama natafuna karatasi."

Nikaenda ofisini kwa Wema nikaomba chumvi. Nikarudi, nikakaa, nikanyunyizia upande wake.